Asili ya Neno "Mwashi"

Wasomaji wetu wengi wamelisikia neno hili kanisani mara nyingi. Limo katika Zaburi ya 118, pale panapotajwa jiwe lililokataliwa, ambalo baadaye likawa jiwe kuu la pembeni. Bwana wetu alilikumbusha neno hilo katika Mathayo mlango wa 21, na Petro naye alilisema mbele ya wakubwa wa Yerusalemu katika Matendo ya Mitume mlango wa 4. Watu waliolikataa jiwe lile huitwa waashi. Nasi twasoma, twafunga kitabu, twaenda zetu.

Mwaka uliopita, tulipokuwa tukifundisha somo hilo katika darasa la sita, tuliwauliza watoto, "Mwashi ni mtu gani?" Pakawa kimya. Kisha kijana mmoja akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, ni mtu wa kuwasha moto." Wenzake hawakumcheka, maana wao nao walidhani vivyo hivyo. Jumapili tukawauliza watu wazima nje ya kanisa. Mmoja wao, mtu anayejua kusoma vizuri, alitujibu bila kusitasita kwamba Waashi walikuwa kundi la Wayahudi, kama Mafarisayo na Masadukayo, kwa kuwa Petro aliwaambia wale wakubwa waziwazi ya kuwa wao ndio waashi. Jibu hilo lilitupendeza, ingawa si kweli, maana lilionyesha kwamba mtu huyo ameisoma sura yenyewe.

Mwashi ni fundi wa kujenga kwa mawe na chokaa. Hilo tulilijua, tukawaambia watoto. Tena, kwa kutaka kuongeza maarifa kidogo, tukawaeleza habari ya miji ya mawe ya pwani, Kilwa na Gedi na Lamu, tukasema ya kwamba ilijengwa na Waarabu na Waajemi waliokuja kwa majahazi, na kwamba wenyeji walikuwa wachukuzi wa mawe tu. Ndivyo tulivyofundishwa sisi tulipokuwa wanafunzi, na ndivyo vilivyosema vitabu tulivyopewa. Hapo binti mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, ikiwa waliojenga walikuwa Waarabu, mbona fundi wao hakuitwa kwa Kiarabu?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutalitafuta, na makala hii ndiyo matokeo ya kulitafuta.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, tendo likiishia na sauti ya ka, nasi tukitaka kumtaja mtendaji wake kwa kutia i mwishoni, ile k hugeuka kuwa sh. Anayepika ni mpishi, wala hatusemi mpiki. Anayeandika ni mwandishi. Anayetumika ni mtumishi. Mtu wa kucheka na kuchekesha ni mcheshi. Basi tukimwona mwashi, twajua ya kuwa nyuma yake liko tendo lenye k, nalo ni kuaka. Kuwasha moto hakuhusiki hapa hata kidogo; sauti zimekaribiana tu, kama watu wawili wanaofanana sura bila kuwa ndugu.

Kuaka ni kujenga kwa mawe. Vijana wa leo hawalijui tendo hili, na wazee wengi wa bara pia hawalijui, lakini zamani lilijulikana sana pwani. Askofu Edward Steere wa Unguja alilitia katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, na maana aliyoiandika ni hiyo hiyo, kujenga kwa mawe. Limo pia katika kamusi kubwa ya Johnson iliyopigwa chapa mwaka 1939. Kwa hiyo mtendaji amebaki katika Maandiko na katika vinywa vya watu, naye husomwa kila mwaka; tendo lake limekaribia kufa. Hata katika Biblia twaona hivyo. Hiramu mfalme wa Tiro alipompelekea Daudi mierezi na mafundi, waliopelekwa ni maseremala na waashi, lakini walipofika kazi waliyoifanya ni kujenga.

Sasa, je, neno kuaka limetoka wapi? Jibu la kwanza tulilipata kwa mwalimu mwenzetu Mkikuyu, tulipokaa naye katika mafunzo ya walimu. Tulipolitaja, alishangaa akasema, "Hilo ni neno letu sisi!" Maana kwa Kikuyu kujenga nyumba ni gwaka, na Wakamba nao husema karibu hivyo hivyo. Tena mbali sana kusini, Wazulu na Waxhosa husema ukwakha, na mjenzi kwao ni umakhi. Watu hawa wa kusini hawakujifunza lugha kwetu, wala sisi hatukujifunza kwao. Neno ni moja la ukoo mmoja, kama pua ya babu inayoonekana katika nyuso za wajukuu waliotawanyika, na ukoo huo ni wa lugha ambazo wataalamu huziita za Kibantu. Basi lile swali la binti yetu lilikuwa na maana kuliko alivyodhani mwenyewe. Mwarabu humwita mjenzi bannai, na Waswahili, ambao wamepokea maneno mengi ya Kiarabu bila haya, hilo hawakulipokea. Waliendelea na lao.

Lakini angalieni jambo moja. Kwa Wakikuyu na kwa Wazulu, kuaka ni kujenga tu, iwe nyumba ya nyasi, iwe ya miti na udongo. Jiwe halimo ndani ya neno. Jiwe limeingia huku kwetu pwani. Twaona kwamba sababu ni hii: Kiswahili kilikuwa na matendo mawili yenye maana moja. Kujenga nalo ni neno la kale, na jirani zetu Wamijikenda hulitamka kudzenga. Lugha iliyo na maneno mawili kwa kazi moja, haikawii kuyagawia kila moja shamba lake. Kujenga likachukua nyumba ya miti, fito na udongo. Kuaka likachukua nyumba ya mawe na chokaa. Na watu hawagawi maneno namna hiyo ila mpaka wamekuwa na kazi mbili zilizo mbali, kila moja na mafundi wake, vyombo vyake na ujira wake. Katika kijiji kila mwanamume alijua kujenga, lakini kuaka kulihitaji mtu aliyefundishwa.

Ili tuone tofauti hiyo kwa macho yetu, wakati wa likizo tulisafiri mpaka Mrima, katika mji mmoja mdogo wa zamani, tukaelekezwa kwa mzee ambaye bado anafanya kazi hii. Tulimkuta amechuchumaa juu ya jukwaa la miti, akitengeneza ukuta wa nyumba ya kale uliokatika kwa mvua.

"Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba, mwanangu. Ukitaka maneno, njoo upande huku juu. Mimi chokaa yangu haingoji."

Basi tukapanda, tukakaa naye siku mbili, na tuliyoyaona tutayaeleza kwa kirefu kidogo, maana huko ndiko neno letu lilikopata maana yake.

Mawe ya pwani ni ya namna mbili. Ya kwanza ni mwamba unaochimbwa nchi kavu. Huo nao ulikuwa matumbawe zamani za kale, kabla bahari haijarudi nyuma. Ni mgumu, una matundu na kona kali, wala haukubali kuchongwa vizuri. Ya pili ni matumbawe yenyewe, yanayokatwa baharini maji yakitoka. Haya yakiwa mabichi ni laini, mtu aweza kuyakata na kuyachora atakavyo. Kisha hewa na jua huyafanya kuwa magumu. Kwa hiyo watu wa kale walitumia mwamba kwa mwili wa ukuta, na matumbawe kwa miimo ya milango, kwa mihirabu, na kwa kila mahali palipotakiwa urembo. Siku hizi kukata matumbawe kumekatazwa, kwa kuwa samaki hukaa humo, na mzee wetu hakulalamika. Alisema amepata kutosha katika magofu.

Chokaa nayo hutoka katika mawe hayo hayo. Hupangwa magogo mengi kwa duara, mawe yakarundikwa juu, na moto ukatiwa katikati. Rundo hilo huitwa tanuu. Huwaka mchana na usiku, na mawe yakiisha kuiva huwa meupe na mepesi. Yakinyunyiziwa maji au kunyeshewa na mvua hupasuka na kuwa unga. Hata hapo haifai kuitumia mara moja. Fundi mwema huiacha miezi kadhaa itulie, ndipo huichanganya na mchanga, na huko Unguja hutia na udongo mwekundu pia. Tulipomwuliza mzee kwa nini asiitumie upesi, alituonyesha ukuta mmoja uliopasukapasuka kama gaga la mguu. "Aliyeufanya huo alikuwa na haraka," akasema, wala hakumtaja jina.

Vyombo vyake havikuwa vingi: mwiko wa chuma, nyundo, uzi, na timazi la kuona kama ukuta umesimama wima. Mwiko, wasomaji watajua, ni jina la kijiko cha kupikia sima. Mwashi amelichukua jikoni, na kwa kweli akikoroga chokaa yake hufanana sana na mpishi. Timazi tunalijua kutoka kitabu cha nabii Amosi.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Mwamba hauwezi kukatwa sawasawa kama matofali. Kila jiwe lina umbo lake. Basi mwashi hulishika jiwe, huligeuza mara moja, mara mbili, hulitazama pengo lililo mbele yake; likikubali, hulilaza juu ya chokaa na kuligonga; lisipokubali, hulitupa kando na kuchukua jingine. Mikono ya mzee ilikuwa mepesi hata tukashindwa kuhesabu. Ukuta ukiisha kupanda, hubaki na mashimo kati ya mawe. Hapo hutiwa vijiwe vidogo na chokaa ndani ya kila shimo mpaka uso wa ukuta ukae sawa, ndiyo kutomea. Kisha juu yake huja lipu, na mawe hayaonekani tena.

Tuliuliza, "Mzee wetu, yale unayoyatupa kando huwa nini?"

"Nitayavunja nitomee," akajibu.

"Na la pembeni?"

Akanyamaza kidogo, akashuka jukwaani polepole, akatupeleka kwenye kona ya nyumba. Pale mawe yalikuwa makubwa kuliko mengine, yenye nyuso mbili zilizonyoka, moja limelala huku na la juu yake limelala huko, ili kuta mbili zishikane kama vidole vya mikono miwili. Akasema jiwe la pembeni huchaguliwa kwanza, kabla ya yote, huwekwa kando mahali pa salama, na mtoto akilikalia hufukuzwa.

Hapo ndipo tulipoelewa ukali wa maneno ya ile Zaburi, ambayo tumeyasoma tangu utoto. Jiwe lililotupwa na waashi mwisho wake wa kawaida ni kuvunjwa kokoto za kutomea. Na lile la pembeni halitoki katika rundo la yaliyotupwa kamwe. Katika Kiebrania na katika Kiyunani neno lililotumika ni la wajenzi kwa jumla, lakini waliotafsiri Biblia yetu ya Kiswahili walichagua neno la fundi wa mawe, nasi twaona walichagua vema. Mjenzi wa miti na udongo hakatai jiwe. Hana haja nalo.

Jambo moja zaidi kuhusu nyumba hizo kabla hatujaendelea. Dari zake hubebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Ikipita kama mita 3 hupinda. Kwa hiyo upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba hata akiwa tajiri namna gani. Uliamuliwa na mkoko. Ukiingia katika nyumba za kale za Lamu au za Unguja utaona vyumba virefu na vyembamba, na hiyo ndiyo sababu yake.

Tuliporudi nyumbani tulikuwa na furaha, tukadhani tumepata jibu kamili: neno ni letu, basi na kazi ni yetu. Lakini tulipokuwa tukiandika makala hii kwa mara ya kwanza, tulikumbuka neno jingine, tukaweka kalamu chini. Neno hilo ni mwandishi. Nalo ni la Kibantu kama mwashi, limetoka katika kuandika, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kupanga vitu kwa taratibu, kama tunavyosema hata leo kuandika meza. Lakini herufi zenyewe zililetwa pwani kutoka Arabuni. Basi mtu aweza kupokea kazi ya ng'ambo na kuipa jina la nyumbani. Neno ni shahidi, ila shahidi mmoja hatoshi. Hata Torati yataka wawili au watatu.

Shahidi wa pili yumo ardhini. Katika kisiwa cha Pate, upande wa Lamu, pana magofu ya mji uitwao Shanga, ambao watu waliuacha karibu ya mwaka 1425. Kuanzia mwaka 1980 mtaalamu Mwingereza, Mark Horton, alichimba hapo pamoja na wenzake kwa miaka kadhaa. Chini ya msikiti wa mawe walikuta msikiti mwingine, na chini ya huo alama za mingine, mmoja juu ya mwenzake, mpaka wakafika kwenye mashimo ya nguzo za miti. Msikiti wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8. Ule wa mawe ulikuja karibu ya karne ya 10. Na nyumba za watu? Hizo zilikaa miaka mingi mno zikiwa za miti na udongo, na zile za mawe zilianza kuenea pale katika karne ya 14. Maana yake ni kwamba mji haukuletwa na jahazi ukiwa tayari. Ulikua mahali pake, kwanza mti na udongo, kisha jiwe mahali pa ibada, kisha jiwe katika nyumba za matajiri.

Mambo hayo yanapatana na tunayoyajua kwa njia nyingine. Huko Kizimkazi, Unguja, upo msikiti wenye maandiko yaliyochongwa katika mawe mwaka 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107 kwa hesabu yetu. Lakini msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona misikiti ya miti, akaisifu kwa kujengwa vizuri. Katika safari hiyo hiyo alifika Kilwa, akakaribishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye katika zamani zake ilijengwa Husuni Kubwa, jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Kwa hiyo wajenzi wa miti na waashi waliishi pamoja pwani kwa miaka mia nyingi, mji huu hivi na mji ule vile. Hali kama hiyo ndiyo iliyoweza kugawa kujenga na kuaka. Wareno walipofika Kilwa mwaka 1500, walikuta nyumba za mawe na chokaa, na miaka mitano baadaye wakauteka mji.

Je, wageni hawakuleta kitu? Tukisema hivyo tutakuwa tumeliacha kosa moja na kushika jingine. Sikilizeni maneno ya waashi wenyewe. Saruji ni neno la Kiajemi, na zamani lilikuwa jina la chokaa ya kujengea kabla halijapewa simiti ya viwandani. Tanuu ni la Kiarabu. Husuni ni la Kiarabu, maana yake ngome. Sakafu pia ni la Kiarabu, na kwao maana yake ni paa. Sisi tumelifanya kuwa mahali pa kukanyaga, na tukifikiri kidogo hatutacheka, maana katika nyumba ya ghorofa paa la aliye chini ndilo sakafu ya aliye juu. Maneno haya hayakuja yenyewe. Yaliletwa na watu waliojua kazi, nao walikaa, wakaoa, wakazaa.

Na shahidi wa tatu amekuja juzijuzi. Mwaka 2023 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wa mifupa ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya kale ya pwani. Siku hizi iko elimu ya kutambua ukoo wa mtu kwa chembe za mwili wake, hata akiwa amekufa miaka mingi. Walikuta ya kuwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na hasa kwa upande wa kina mama. Na kwa upande wa kina baba, wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa ya Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu ya mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi za wazee wa pwani kuhusu Washirazi hazikuwa uongo mtupu, wala hazikuwa habari yote. Twaonaje sisi? Twaona kwamba mtoto aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo huenda alionyeshwa na baba yake namna ya kuchonga mihirabu. Lakini aliyemfundisha kusema alikuwa mama, naye alipomwona mwanawe analaza jiwe juu ya jiwe, alisema, "Mwanangu anaaka," kwa neno alilolipokea kwa mama yake, mjenzi wa nyumba za miti.

Hayo ndiyo tuliyomjibu yule binti. Tulimwambia pia mbele ya darasa zima ya kwamba yale tuliyofundisha juu ya wachukuzi wa mawe hayakuwa sawa. Kumwambia mtoto hivyo si jambo jepesi kwa mwalimu, lakini yeye alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyekuwa akijua tangu mwanzo.

Wasomaji wetu wa Kanisa watapenda kujua kwamba waashi wa Unguja wanayo kazi yao katika historia yetu pia. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, Askofu Steere alianza kujenga kanisa kuu mahali pale pale, kwa mawe ya matumbawe, na ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877. Yeye ndiye aliyeandika neno kuaka katika kitabu miaka michache kabla, na sasa alikuwa akisimama kila siku juani kati ya wenye kuaka. Husimuliwa ya kuwa safari moja alipokuwa hayupo, mafundi walizisimamisha nguzo kadhaa kichwa chini miguu juu, naye aliporudi akaziacha hivyo. Zipo mpaka leo, na wageni huonyeshwa.

Sasa kazi hii inapungua. Nyumba mpya, hata huko pwani, hujengwa kwa matofali ya saruji, na anayejenga huitwa fundi tu, au fundi ujenzi. Hilo si baya. Nyumba yetu wenyewe ni ya matofali hayo. Lakini mtu akiipaka saruji ngumu juu ya ukuta wa kale wa chokaa, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hula mawe kwa ndani, na ukuta huoza ukiwa umevaa nguo nzuri. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020, likaua watu wawili. Hatusemi kwamba saruji ndiyo iliyoliangusha. Tunasema kwamba majumba ya namna hiyo yahitaji kuangaliwa kila mwaka na watu wanaojua chokaa, na watu hao wamekuwa wachache. Yule mzee wa Mrima ana wana wanne, na mmoja tu ameshika mwiko.

Siku ya kuondoka tulimwuliza kama anatumia neno kuaka. Alifikiri, akasema baba yake alilitumia, yeye hasemi. Kisha akamwita mwanawe aliyekuwa akichekecha mchanga, akamwambia, "Mwalimu huyu anasema sisi tunaaka," na wote wawili wakacheka, wakarudia neno lile mara mbili tatu kama watu wanaoonja tunda.

Tunawaomba walimu wenzetu walioko Lamu, Pate, Pemba na Kilwa, ikiwa kwao tendo hili lingali linasemwa, wamwandikie Mhariri na kutuambia jinsi linavyotumika. Na hasa tungependa kujua jina ambalo waashi wa kwao hulipa jiwe la pembeni, maana mzee wetu aliliita "jiwe kubwa" tu.